Ushauri: Beetle 1300 ya 1972 inazima kwenye foleni, ikipoa inawaka

Mkazi wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaozijua Volkswagen za zamani. Gari ni Beetle 1300, volti 12, kabureta Solex 31 PICT, distributa (inayogawa umeme kwa plagi) bado ya pointi, vile vibati viwili vinavyofunguka na kufungana kukata umeme. Asubuhi inawaka mara moja, na barabara ikiwa wazi inakimbia vizuri. Shida ni foleni. Ikikwama Buguruni jua la saa nane inaanza kumisi, inakohoa, inazima. Stata inazungusha injini kama kawaida lakini haiwaki mpaka ipoe kama nusu saa. Plagi ni mpya, filta ya mafuta mpya. Fundi anasema ninunue kabureta. Ninunue?

Spana ya Gerezani
Usinunue bado, mkuu. Gari inayozima ikiwa ya moto na kuwaka ikipoa, ama inapoteza moto wa plagi, ama petroli haifiki. Ikishapoa ushahidi umepotea, kwa hiyo pima palepale inapozima.

Anza na moto, kabla hujafungua chochote cha petroli. Chomoa waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distributa, ushike kwa koleo lenye mpira, ncha ikae milimita 6 hivi kutoka chuma cha injini, mbali na kabureta. Mwenzako apige stata. Cheche ya bluu inayolia ni nzima. Ikiwa ya rangi ya chungwa, nyembamba, au haipo kabisa, kosa liko kwenye umeme.

Rudisha waya, zima swichi, toa filta ya hewa. Chungulia koo la kabureta huku ukivuta aksileta kwa mkono. Petroli iruke ndani kama uzi. Ikiruka, kabureta ina mafuta. Isiporuka, fuata pampu na njia ya mafuta.

Pwani Garage
Kwa joto la Dar mimi naanza na petroli kugeuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta. Angalia ule mpira unaozunguka injini na kuziba nafasi kati yake na bodi. Ukikosekana, hewa ya moto kutoka chini kwenye egizosi inapanda na kuvutwa tena na feni, injini inajipikia yenyewe. Bati za chini ya silinda nazo ziwepo zote. Kama mtu alitoa thermostati, vile vipepeo vya kupitisha hewa ndani ya nyumba ya feni vibaki wazi muda wote. Mkanda wa feni ukiubonyeza katikati uingie milimita 15 hivi.

Jambo jingine la haraka: ikizima, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, mpira wa kupumulia tangi umeziba.

Spana ya Gerezani
Hoja ya mpira wa injini naiunga mkono, wengi wanautupa wakishusha injini. Ila asinunue pampu kwa kubahatisha. Pampu za gari zenye jenereta husukumwa na fimbo ya milimita 108, zile za alteneta ni milimita 100. Ukichanganya, pampu inasukuma kidogo mno au inavunjika. Fimbo ikiwa juu kabisa itokeze milimita 13 juu ya kitako chake, gasketi zikiwa zimewekwa.

Mkazi wa Tabata
Imezima tena leo, nimepima. Petroli inaruka vizuri kabisa. Cheche ni ya rangi ya chungwa na inakatika.

Umeme wa Magari Mbagala
Basi kabureta haina kosa. Anza na kondensa, ndiyo rahisi kuliko koili (inayopandisha volti za plagi). Kazi yake ni kumeza umeme pointi zinapofunguka, ili mkondo wa koili ukatike ghafla. Ikipata joto na kuanza kuvuja, moto unarukia kwenye pointi badala ya kwenda kwenye plagi. Fungua kifuniko uangalie: pointi zilizoungua na kufanya mashimo ni dalili yake. Kondensa mpya inaweza kuwa mbovu kutoka dukani, hasa kopi za bei chee, kwa hiyo kama ile ya zamani ina jina la Bosch usiitupe mpaka mpya ithibitike.

Badilisha pamoja na pointi. Zungusha injini mpaka pointi zifunguke kabisa, weka fila geji (bati jembamba la kupimia nafasi) ya 0.4 mm, kaza skrubu kisha pima tena, maana kukaza huzisogeza. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu ya distributa, ile nundu inayofungua pointi. Baada ya hapo lazima uweke taimingi (wakati wa cheche kuruka) upya, kwa sababu ukigusa nafasi ya pointi taimingi nayo inahama. Alama za taimingi kwenye puli ya injini zinatofautiana, fuata namba iliyogongwa kwenye distributa yako. Mpangilio wa silinda kupata moto ni 1-4-3-2.

Ikizima tena baada ya hapo, pima koili ikiwa bado ya moto. Chomoa nyaya zake, weka mita kwenye vichwa viwili vidogo, isome kama oumu 3 mpaka 4. Isiposoma kitu, imekatika ndani. Hata ikisoma vizuri, funga ya kuazima ujaribu kwenye foleni, kwani mita haioni kuvuja kwa volti kubwa. Na usiache swichi wazi injini ikiwa imezima. Pointi zikiwa zimefungana, koili inaungua taratibu.

Pwani Garage
Hiyo filta mpya umeifunga wapi? Kama iko nyuma karibu na distributa, ihamishe mbele chini ya tangi. Plastiki na petroli juu ya cheche ni moto unaosubiri siku. Shika pia kibomba cha shaba kinachoingiza mafuta kwenye kabureta, ukizungushe kwa vidole. Kikicheza, usiwashe gari mpaka kifungwe upya.

Mkazi wa Tabata
Iko nyuma, juu kabisa ya distributa. Naitoa kesho kabla ya kugusa pointi.