Tupeane uzoefu: manunuzi ya Idi mwaka wa korona, wewe ulikuwa mji gani?

Bint Ngamiani, Tanga
Assalaam aleikum ndugu zangu. Jana nilikuwa napanga sanduku la nguo, chini kabisa nikakuta barakoa ya kitenge. Nikakaa kitandani nimeishika. Niliishona mwenyewe kwa kipande kilichobaki kwenye gauni langu la Idi ya 2020, ili viende sare.

Kwetu Tanga, tangu niko mdogo, Idi ni mzigo wa Mombasa. Mama mkubwa yuko kule, kila kumi la mwisho la Ramadhani analeta leso na viatu vya watoto, au sisi tunavuka mpaka wa Horohoro tukachague wenyewe. Mwaka ule, Mei 16 Kenya ikafunga mpaka, ikawa yanapita malori ya mizigo tu. Idi ilikuwa Jumapili, Mei 24. Mimi nikaenda zangu Barabara ya Kumi na Mbili, maduka wazi, msikiti wazi, nikanunua nikarudi. Mama mkubwa kule hawezi kuingia Mji wa Kale, umefungwa, kununua hata sindano. Usiku nikimpigia simu naona haya kumwambia nimenunua nini. Bahari moja, mwezi tumeuona mmoja, na kila mtu ana Idi yake.

Basi tangu jana nawaza wengine ilikuwaje. Kila mtu aseme alikuwa wapi na alipataje vitu vyake.

Mtoto wa Gerezani, Dar
Kariakoo kulijaa. Mtaa wa Kongo unapita ubavuubavu kama miaka yote, tofauti ni ile ndoo ya maji tiririka mlangoni kwa kila duka. Unanawa, unaingia, unatoa noti na mikono bado inachuruzika. Barakoa wengi wameitundika kidevuni.

Mama alinipa karatasi: viatu vya wadogo zangu, mchele, tambi, sukari, iliki. Halafu chini amepiga mstari, ameandika tangawizi, malimao, mwarobaini. Ya nyungu hayo. Kila nyumba ilikuwa inajifukiza, kwa hiyo malimao yalipanda bei hata muuzaji mwenyewe anakuonea huruma. Hela ya kiatu changu iliishia kwenye malimao. Na sukari je? Serikali imetangaza bei elekezi, Dar 2,600 kwa kilo. Mimi nilinunua 4,000, na yule wa duka akanifungia kwenye gazeti haraka haraka kama ananiuzia magendo.

Mpika Vitumbua
Hapo kwenye sukari umenigusa. Nilifunga biashara Ramadhani nzima.

Fundi wa Mji wa Kale, Mombasa
Mie huwa nasoma tu humu, siandiki. Lakini hili la mama mkubwa kushindwa kuingia Mji wa Kale limenitoa machozi, maana mie nilikuwa ndani.

Nashona nyumbani, chumba cha chini, cherehani mbili. Mei 6 ilikuwa Ramadhani kumi na mbili. Likatangazwa: Eastleigh kule Nairobi na Mji wa Kale hapa kwetu, hakuna kuingia wala kutoka, siku 15. Nikapiga hesabu kwa vidole. Siku 15 zaisha kabla ya Idi. Nikawaambia wateja tulieni, vitu vyenu vitatoka. Nilikuwa na nguo thelathini na moja, na kumi na nane zilikuwa za watu wa nje: Kisauni, Likoni, Majengo, Bamburi. Nikashona mpaka daku. Uzi mweusi ulipokwisha nikafumua buibui langu la zamani nipate uzi wa kumalizia pindo.

Siku zikakaribia, zikaongezwa mpaka Juni 6. Hapo simu hazikukatika. Mmoja akanambia nimemla pesa zake. Mwengine akasema atanishtaki kwa mzee wa mtaa. Kuna mama mmoja wa Kisauni hakugomba hata siku moja. Alishonesha rinda la samawati la mtoto wa miaka sita, mikono ya puto, mkanda wa utepe. Yeye alikuwa akipiga kuuliza tu, "Fundi, limekwisha? Mtoto yuwaliuliza akienda kulala."

Ramadhani ishirini na tisa, baada ya laasiri, nikafunga kila nguo na kipande cha leso kuukuu, nikabandika jina, nikabeba bunda kichwani mpaka kizuizini. Wenyewe niliwaita, wako ng'ambo ya pili wamejipanga. Afande akakataa. Nikamwambia hizi ni nguo za watoto. Akanambia, "Mama, na mimi nina watoto, mwezi wa pili huu sijawaona." Sikuwa na jibu la kumpa.

Basi pale ndipo mikokoteni ya viazi na mboga ilikuwa ikipokezana, wa nje aleta, wa ndani apokea. Hamali mmoja alikuwa arudi na mkokoteni mtupu. Afande akaangalia kando. Nikatia bunda langu. Ule mkokoteni kufika ng'ambo, watu wakauvamia. Mmoja avuta, mwengine afungua kuangalia rangi, majina yakadondoka. Filimbi ikalia, wakaambiwa mkusanyiko marufuku, virungu vikainuliwa, kila mtu akakimbia na alichoshika. Nguo za watu ziko chini, zakanyagwa. Mie nimesimama hatua kumi, naona, siwezi kwenda kuokota.

Hamali Mungu amlipe, aliokota zilizobaki akanirudishia. Mbili. Moja kanzu, mwenyewe aliichukua Juni. Ya pili ni lile rinda, lina alama ya kiatu kifuani. Mamake sikumuona pale. Nikampigia usiku ule, nikampiga Idi Mosi, Idi Pili, wiki nzima. Simu haipatikani. Mpaka leo haipatikani. Alama niliifua ikatoka. Rinda ninalo.

Mama Swaumu
Ya Rabbi. Dada, jina la mtoto unalikumbuka?

Fundi wa Mji wa Kale
Nalikumbuka. Silitaji humu, mtoto wa watu. Mwenyewe akisoma atajijua.

Mkaazi wa Kisauni
Pole dada, simulizi yako nimeisoma mara mbili. Lakini na sisi wa nje tusikilizwe. Mita zangu nne za hariri zilikaa kwa fundi huko ndani mpaka Julai, na pesa nilitoa zote mbele. Sisemi ni wewe. Nasema mafundi wengi walipokea kazi nyingi kuliko uwezo wao, kizuizi kikawapa sababu. Dawa ni kulipa nusu, nusu siku ya kuchukua.

Fundi wa Mji wa Kale
Nusu hiyo ndiyo hununua uzi, vifungo na futari ya watoto wangu. Ile miezi yote sikupata kazi hata ya kutia zipu. Mlipe mbele.

Mkaazi wa Kisauni
Mimi nimesema la kwangu.

Mwanafunzi wa Chuo cha Dini
Ndugu zangu, tukumbushane kwa wema. Sunna ni kuvaa nguo nzuri kuliko zote ulizonazo. Haikusemwa lazima iwe mpya. Mwaka ule ulikuwa fursa ya kulielewa hilo, watu wakahangaika vizuizini kana kwamba Idi bila nguo mpya haisihi. Zakatul fitri ndiyo ilikuwa ya kuhangaikiwa.

Mama Swaumu
Ustadh, nakuheshimu, ila nenda kamwambie hivyo mtoto wa miaka sita aliyefunga siku tatu za mwanzo kwa ahadi ya rinda.

Mtoto wa Gerezani, Dar
Mtoto wa miaka sita alifunga?

Mama Swaumu
Nusu siku nusu siku. Ndivyo wanavyoanza.

Baba wa Ruwi, Muscat
Huku Oman hata hiyo nafasi ya kugombana na fundi hatukuipata. Matrah, mtaa wa hapa Muscat, ilifungwa tangu Aprili 1, na Muscat nzima ikazungukwa na vizuizi tangu Aprili 10 mpaka Mei 29. Piga hesabu, Idi imo katikati. Soko la Matrah, ambako tangu tuje kutoka Unguja mzee wangu hununua ubani, halua na kofia, makufuli matupu. Mafundi wa dishdasha wamefunga, vinyozi wamefunga. Nilimnyoa mwanangu mwenyewe, alilia.

Watu wa bara wana soko lao la kabla ya Idi, habta, la ng'ombe, mbuzi, mapanga, kila kitu, watoto wanapelekwa kama sherehe. Nalo lilisimamishwa. Shuwa yetu ni ya shimo, ukoo mzima unashusha nyama pamoja na kuifukua pamoja. Mwaka ule kukusanyika kulikatazwa hata kwa ukoo. Mke wangu akaitia nyama kwenye tanuri ya jikoni na majani ya mgomba tuliyopewa na jirani. Kofia nilivaa ile aliyonishonea mama kwa mkono, ya tangu naoa. Niliivaa nyumbani, nikasali na watoto sebuleni. Ustadh hapo juu amesema kweli, nguo ilikuwa nzuri kuliko zote nilizonazo. Lakini nilimkumbuka mama siku nzima.

Mwanafunzi wa Chuo cha Dini
Mungu amrehemu kama ametangulia.

Baba wa Ruwi, Muscat
Yu hai, alhamdulillah. Unguja. Tulizungumza kwa simu ya picha, akaiona kofia, akasema ukingo umefumuka.

Jirani wa Kibuli, Kampala
Nyinyi mlikuwa na ruhusa ya kutembea. Sisi magari ya watu binafsi yaliruhusiwa Mei 26. Idi Mei 24! Siku mbili tu. Boda boda zinabeba mzigo, abiria haramu. Maduka ya nguo kwenye majengo makubwa ya mjini yalifunguliwa mwisho wa Julai. Kwa hiyo manunuzi yangu yote ya Idi yalikuwa mchele, nyama na vitunguu, nimetembea kwa miguu kutoka Kibuli mpaka soko la Nakasero na kurudi. Posho, yaani unga wa mahindi, tulikuwa nayo, ile ya serikali, kilo 6 kwa mtu na maharagwe kilo 3. Wauza soko wenyewe walikuwa wanalala sokoni ndani ya vyandarua.

Dada wa Longsight, Manchester
Yangu ni Idi kubwa, mnisamehe. Julai 30, usiku, saa tatu imepita, kesho ni Idi. Nimeshanunua mbuzi mzima kwa ajili ya jamaa thelathini, biriani imeshaingia kwenye masufuria, wifi zangu wako njiani na sahani zao. Ikatangazwa kwamba kuanzia usiku wa manane, Manchester na vitongoji vyake, sehemu za Lancashire na West Yorkshire, nyumba mbili zisikutane, hata bustanini. Saa tatu za notisi. Mume wangu akapakia vyombo kwenye gari, akawa anaacha mlangoni kwa mtu, anapiga kengele, anarudi nyuma. Alimaliza saa saba usiku. Leicester wao walikuwa wamefungiwa tangu mwezi uliopita, angalau walijua wasinunue.

Mpika Vitumbua
Mada ni Idi ndogo.

Bint Ngamiani, Tanga
Mwache aseme, mada ni yangu.

Bantu ba Virunga, Goma
Basi na mimi wa Noeli niingie. Desemba 18, 2020 Kongo yote iliwekewa amri, saa tatu usiku kila mtu nyumbani. Soko la Virunga mama anauza liputa, vile vitenge, mpaka jioni ndio wateja wanatoka kazini, sasa jioni ndio anafunga. Na mpaka wa Gisenyi tulikuwa tunavuka kwa miguu kila siku kuchukua vitu, ulikuwa umefungwa tangu Machi. Batoto walivaa za mwaka uliopita.

Shangazi wa Lamu
Ushauri wangu: nunueni Shaabani. Rajabu hata. Mkono wa Idi tulituma kwa simu mwaka ule, elfu elfu, maana elfu moja kushuka chini makato yaliondolewa. Nilituma mara kumi na mbili kwa wajukuu kumi na wawili, bila makato hata senti.

Mama Swaumu
Shangazi, viatu vya Rajabu mtoto hamvai Idi, mguu umekua.

Shangazi wa Lamu
Nunua namba moja juu, tia pamba.

Mkaazi wa Kisauni
Fundi, nimekaa nikafikiri. Huyo mama alikuwa upande gani wa Kisauni? Mimi natoka Mwandoni, najua akina mama wa madrasa mbili huko. Niandikie faraghani.

Fundi wa Mji wa Kale
Nimekuandikia. Nimekupa na namba ile ya zamani.