Ghala la zamani kando ya ziwa au nijenge jengo jipya Mwanga?

Kasimu_Gungu: Wakuu, habari. Nataka kufungua mgahawa wenye muziki wa jukwaani hapa Kigoma. Nimepata ghala la zamani la matofali ya kuchoma karibu na Ziwa Tanganyika, kuta nene. Pia nina kiwanja Mwanga, hapahapa mjini. Moyo wangu uko ghalani, na mwenye nalo anataka jibu mwezi huu. Nishaurini.

Bi_Kibirizi: Kaka, hujasema kodi, hujasema mkataba wa miaka mingapi, wala ghala liko mita ngapi kutoka majini. Ziwa lilipopanda 2020 na 2021 tuliona majengo ya ufukweni yakiingia maji. Tukushauri nini?

FundiRamani: Mita ndilo swali la kwanza. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukiongeza baraza na choo upande wa maji, NEMC, wale wasimamizi wa mazingira, watakufuata. Waone kabla hujalipa chochote.

Mwana_Ujiji: Chukua ghala! Kumbi za bloku zimejaa na zote zinafanana. Clarke Quay kule Singapore yalikuwa maghala ya mizigo kando ya mto. Yakafunguliwa 1993 kuwa mahali pa kula na starehe, mpaka leo watu wanakwenda.

FundiRamani: Wale walisafisha mto kwanza, kuanzia 1977, kazi ya miaka kumi. Yeye maji machafu ya jikoni atayapeleka wapi?

Mama_Mawese: Sikiliza yaliyompata shemeji yangu. Alikodi stoo ya zamani kama hiyo, matofali yameungwa kwa chokaa. Fundi akapiga plasta ya saruji kuta zote, zikang'aa. Masika yalipofika unyevu ukakosa pa kutokea. Plasta ikavimba, ikaanza kudondoka vipande vipande, chumvi nyeupe ikatoka ukutani, wateja wakalalamikia harufu. Fundi simu hapokei. Ikabidi kubandua yote na kumtafuta mzee wa Ujiji anayejua kupiga chokaa. Alipomaliza, mwenye jengo akapandisha kodi kwa sababu limependeza! Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja tu. Shemeji akahama, jasho lake likabaki pale.

Kasimu_Gungu: Pole sana dada. Mita sijapima, kwa macho ni kama hamsini. Kodi bado tunaongea. Mwenye ghala anasema ndimo vilimowekwa vipande vya meli ya Liemba.

Mzee_wa_Reli: Aonyeshe karatasi. Ile meli iliundwa Papenburg 1913, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande. Reli ilifika hapa 1914, meli ikashushwa majini 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa 1924. Usilipie historia ya mdomoni.

Mwana_Ujiji: Mzee wangu, iliyozamishwa iliitwa Graf von Götzen. Liemba ni jina la baadaye.

Mzee_wa_Reli: Meli ni ileile, mwanangu.

Bi_Kibirizi: Turudi kwenye chakula. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa 15 Mei hadi 15 Agosti. Ukitegemea migebuka peke yake, miezi ile unapika nini?

Mwana_Ujiji: Kuku wa mawese na ugali wa muhogo. Nani atakataa?

Kasimu_Gungu: Kesho naenda na futi kamba. Dada Mama_Mawese, yule mzee wa chokaa bado anafanya kazi?