Monaco siku tatu: tulale Nice, Beausoleil au Monaco kwenyewe?

MpwaniLyon

Salaam wakuu. Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Lyon na mama watoto. Julai tunatimiza miaka 10 ya ndoa na nimemwahidi Monaco. Siku nilizopata ni tatu. Kinachonikwamisha ni pa kulala: Nice, jiji la Ufaransa lililo karibu, ambako kila ninayemuuliza ananielekeza, Beausoleil, mji wa Ufaransa uliopakana na Monaco, au Monaco kwenyewe, nijikaze hata usiku mmoja. Pombe hatunywi na kamari hatuchezi, lakini usiku wa pale tunataka kuuona kwa macho yetu. Aliyefika anilinganishie.

DaladalaYaNice

Hongereni kwa miaka 10, mkuu. Nipo Nice mwaka wa sita sasa, nakushauri ulale huku, tena karibu na stesheni ya Nice-Ville. Treni ya mkoa inakufikisha kwa dakika 20 na kitu, na njia yenyewe ni matembezi tosha. Kaeni upande wa kulia: bahari mnaiona Villefranche, mnaingia handaki, mnatoka, bahari tena. Mpakani hakuna wa kukusimamisha. Monaco haimo katika Umoja wa Ulaya ila hela yao ni euro, na wewe mwenye karatasi za Ufaransa unapita tu. Pasi usiiache hata hivyo.

Nchi nzima ni kilomita za mraba 2 na kidogo, Vatikani peke yake ndiyo ndogo zaidi duniani. Anzeni asubuhi juu ya Mwamba, ndiko kwenye mji mkongwe. Saa sita kasoro dakika tano walinzi wanabadilishana zamu mbele ya ikulu. Fikeni nusu saa kabla, la sivyo mtaona migongo ya watu. Ikulu hiyo zamani ilikuwa ngome, na ndiyo François Grimaldi aliyoiteka mwaka 1297 akiwa amejivika kanzu ya mtawa. Ndiyo maana nembo ya nchi ina watawa wawili walioshika panga, na ukoo wa Grimaldi unatawala hadi leo. Hatua chache kutoka hapo lipo kanisa kuu, alikozikwa Grace Kelly, yule mwigizaji wa Marekani aliyeolewa na mtawala wa Monaco, na mbele yake Jumba la Makumbusho ya Bahari, lililofunguliwa 1910. Mtu wa pwani asilikose hilo jumba. Mimi nilikaa mbele ya papa na matumbawe saa nzima nikiwaza kwetu.

Chakula cha mchana teremkeni soko la Condamine. Kuna socca, mkate mwembamba wa unga wa dengu, unga uleule wa bajia, na barbajuan, kijiandazi cha kukaanga chenye mboga za majani na jibini ndani. Hivyo vyote kwa kawaida havina nyama, mtakula kwa amani.

BintiPangani

Naheshimu ya hapo juu, na mchana wake umeupanga vizuri. Ila mimi napinga kulala Nice. Anayelala Nice anaondoka wakati mji ndio kwanza unajipamba. Treni za mchana hazikauki, lakini usiku zinapungua, na mkipitwa na ya mwisho ni teksi, na teksi ya huko itakula pesa yote mliyookoa kwenye chumba. Mimi na dada yangu tulikatisha jioni yetu saa nne na nusu kwa kuogopa treni. Nilisikitika njia nzima.

Safari ya pili tukalala Beausoleil. Huko unavuka barabara tu, upande huu Ufaransa, upande ule Monaco. Kwenda kasino ni kushuka, kuna ngazi na ngazi za umeme. Kurudi ndiyo kazi, ule ni mlima kweli, sanduku lenu liwe jepesi. Na ndani ya Monaco ulizieni lifti za umma: zimechimbwa ndani ya miamba, hazilipishwi, zinawatoa ufukweni hadi mtaa wa juu bila jasho.

Kuhusu usiku kwa wasiokunywa. Kaeni uwanja wa kasino kuanzia saa moja jioni. Jengo limepitia mkono wa Charles Garnier, yuleyule wa Opera ya Paris, na likiwashwa taa linapendeza kuliko picha zote. Ukumbi wa mbele mnaingia bila kucheza chochote. Kuanzia jioni mume avae koti, viatu vya michezo aviache chumbani. Mnajua kwa nini kasino ilijengwa? Mwaka 1848 Menton na Roquebrune, karibu ardhi yote ya Monaco, zilijitenga, mashamba ya malimau na mizeituni yakaenda nazo, na 1861 zikawa za Ufaransa rasmi. Mtawala Charles wa Tatu akakodolea macho kilichobaki, jabali na bahari, akaamua kuvuta matajiri wa Ulaya. Mtaa ukapewa jina lake, Monte-Carlo, na kufikia 1869 wenyeji hawakudaiwa tena kodi ya mapato. Lakini raia wa Monaco hawaruhusiwi kucheza kamari humo. Jambo hilo mimi naliona la busara sana.

Klabu kama Jimmy'z ni za kuanzia saa sita usiku na bei zake ni za wenye mashua zile mnazoziona bandarini. Nyinyi tafuteni tamasha la okestra kwenye ua wa ikulu, huwa Julai na Agosti. Muziki wa moja kwa moja, nyota juu yenu. Kwa maadhimisho ya ndoa sioni cha kushinda hicho.

MzungukoWa12NaNusu

Jamani, watu wa Afrika Mashariki mnataja Monaco ya Julai bila Herculis? Ni mashindano ya riadha ya Diamond League, uwanja wa Louis II, Fontvieille, jioni moja tu kwa mwaka. Hapo Beatrice Chepkoech alivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka 2018, dakika 8:44.32. Hapo Cheptegei wa Uganda alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa 12:35.36 mwaka 2020. Na hapo Faith Kipyegon alivunja rekodi ya dunia ya maili kwa 4:07.64 Julai 2023. Nilikuwepo usiku ule. Aliponyoosha mkondo wa mwisho Wazungu waliokuwa pembeni yangu wakasimama kabla yangu, nami nalia. MpwaniLyon, panga siku zako zizunguke tarehe hiyo, mengine yatajipanga.

GiaYaTano

Na mbio za magari je? Mimi ndoto yangu ni hiyo.

DaladalaYaNice

Grand Prix tangu 2026 imesogezwa hadi mwanzo wa Juni, zamani ilikuwa Mei. Wiki hiyo vyumba vinapanda mara kadhaa, na njia za miguu zinazibwa na majukwaa na uzio. Ukiipenda, njoo, ila hutaiona Monaco, utaona magari. Siku nyingine barabara ni hizohizo na mnaweza kuitembea njia yote ya mbio kwa miguu, kilomita 3.337, ikiwemo ile kona kali mbele ya hoteli ya Fairmont. Na kwa Herculis nasalimu amri, BintiPangani yuko sahihi: mbio zinaisha usiku, asilale Nice.

MpwaniLyon

Shukrani kubwa. Nimemsomea mama watoto yote. Beausoleil usiku mbili, Herculis jioni ya kwanza, ua wa ikulu jioni ya pili kama kutakuwa na tamasha. Swali la mwisho: ufukweni?

BintiPangani

Larvotto, ni wa umma na hauna kiingilio. Ni kokoto, chukueni ndara. Mkitoka majini vaeni nguo kabla ya kupanda mtaani, kutembea na vazi la kuogea au kifua wazi mjini ni kosa kisheria.