Mgonjwa wa sukari ni mvuvi wa dagaa: "asubuhi na jioni" nimpangieje?

Sista_wa_Kituoni
Wauguzi wenzangu, poleni na zamu. Naomba mawazo yenu.

Niko kituo cha afya huku pwani ya kusini, kliniki yetu ya sukari ni kila Jumanne. Nina mgonjwa wa miaka 47, yuko kwenye insulini ya mchanganyiko, Mixtard, asubuhi na jioni. Faili lake miezi mitatu mfululizo linasema: "Hazingatii dawa. Ameelimishwa." Mara mbili kati ya hizo tatu, mwandiko ni wangu.

Anafika saa 2 asubuhi, namchoma kidole, sukari 17.2, iko juu sana. Daktari anaongeza yuniti. Mwezi unaofuata 16.8, anaongezewa tena. Wiki iliyopita wenzake wakamleta alfajiri, amelowa jasho na maji ya chumvi, haongei. Mashine ikasoma 2.4, sukari imeshuka mno. Tukampa dekstrosi (maji ya sukari) ya mshipani, akafumbua macho. Neno lake la kwanza: "Sista, nahodha yuko hapo nje?"

Ndipo nikajua ni mvuvi wa dagaa. Kadi yake imeandikwa "mkulima", si mnajua tunavyowaandika watu wote wakulima. Jioni yake ndiyo asubuhi yake. Sasa mtu wa namna hii mnampangia vipi?

Mzee_wa_Wodi
Mdogo wangu, usimfundishe kitu kwanza. Muulize. Chukua karatasi, chora saa 24, akuambie mwenyewe: analala saa ngapi, anakula saa ngapi na nini, kazi nzito iko wapi, sindano anachoma wapi.

Ninavyoona, mmeingia kwenye mtego. Akichoma saa 12 jioni, Mixtard inaanza ndani ya nusu saa, na nguvu yake kubwa ni kati ya saa 2 na saa 8 baada ya sindano. Hesabu: ni saa 2 usiku hadi saa 8 usiku, wakati yeye anavuta nyavu na tumbo tupu. Lazima sukari ianguke. Akishaanguka mara moja, anaogopa, anaruka sindano. Asubuhi anatoka baharini, ameshakula, anakuja kwako na 17. Ninyi mnaongeza dozi. Siku akiamua kuwatii, ndiyo mnaletewa amebebwa.

Chuoni tulikaririshwa mahitaji 14 ya mgonjwa ya Virginia Henderson, yule mwananadharia wa uuguzi: kula, kulala, kufanya kazi yenye maana kwako. Tukafaulu mtihani, tukafika wodini tukaanza kunakili mpango wa kitanda namba 3 kwenda kitanda namba 4.

Mtoto_wa_Diko
Mimi si muuguzi, baba yangu alikuwa baharia wa dagaa. Naomba niseme machache.

Dagaa wa taa huvuliwa gizani. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti samaki, watu wanakaa nchi kavu siku saba hadi kumi hivi. Kwa hiyo huyo ndugu ana maisha mawili ndani ya mwezi mmoja, muulizeni yote mawili.

Halafu chakula. Chomboni kwetu hamli mpaka mvuto wa kwanza utoke, iwe saa 4 usiku au saa 7. Mtu hawezi kusema "nisubirini nile" bila kutoa sababu. Na sababu hiyo haitoi, kwa sababu nahodha akijua kuna mtu anazimia, safari ijayo nafasi yake anapewa mwingine. Ndiyo maana aliuliza kama yuko nje.

Bomba_na_Kadi
Maneno mazuri, lakini Jumanne yetu ina wagonjwa 60 na wauguzi wawili. Nani wa kuchora saa 24 za kila mtu?

Mzee_wa_Wodi
Si kila mtu, kaka. Yule ambaye faili lake linarudia sentensi moja mara tatu. Nusu saa hiyo ni ndogo kuliko alfajiri ya kumzindua.

Sista_wa_Kituoni
Nimerudi. Nilimwita siku isiyo ya kliniki, tukakaa chini ya mwembe. Alichora mwenyewe, karatasi mbili: giza na mbalamwezi. @Mtoto_wa_Diko, umesema kweli tupu.

Mengine sikuyategemea. Sindano ya jioni alikuwa anachomea nyuma ya choo cha dikoni, pale vyombo vinapotia nanga, haraka haraka, pale pale pajani kila siku. Nilipopapasa nikakuta pameshakuwa pagumu, tumehamia tumboni. Nyumbani hana friji ila mkewe anaiweka chupa kwenye mtungi wenye mchanga uliolowa maji, penye kivuli. Huyo mama hakufundishwa na mtu. Na mumewe ndiye tuliyemwandika "hazingatii".

Sukari ya dharura nilimpa ya kufunga kwenye nailoni, akacheka. Chomboni inalowa, inakuwa jiwe, na mkono ukishaanza kutetemeka hafungui fundo. Tumekubaliana chupa ndogo ya soda, vijiko vinne vya chai vya sukari ndani ya maji. Akiona jasho la ghafla anakunywa, anasubiri dakika 15, kisha anakula kitu. Na kabla ya kupanda chombo anakula kwake ugali wa kushiba.

Dozi si kazi yangu kubadili, nimempelekea daktari zile karatasi mbili. Amezitazama muda mrefu. Siku za giza amempunguzia ya jioni, kubwa imehamia alfajiri, nusu saa kabla ya kile chakula chake kikubwa cha baada ya kushusha dagaa. Siku za mbalamwezi ana mpango mwingine.

Nahodha bado hajui. Nilimshauri amwambie mtu mmoja tu chomboni, akasema atafikiria. Sijamsukuma.

Kadi yetu haina pa kuandika giza na mbalamwezi, nimechora mstari kwa rula. Giza linaanza Ijumaa.

Mtoto_wa_Diko
Sista, amwambie mshika taa. Huyo halali usiku kucha.