Busia hadi Namugongo kwa miguu: siku ngapi, viatu gani, mpakani wanadai nini?

Mwanakwaya
Tumsifu Yesu Kristu. Jumuiya yetu hapa Busia, upande wa Kenya, inataka kutembea hadi Namugongo, karibu na Kampala, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Juni 3. Tuko 14, wanne ni akina mama waliopita miaka 55, na mmoja wetu ni Mtanzania. Mwenyekiti anasema siku 6 zatosha, kilomita 35 kila siku. Ni kweli? Pia naomba ushauri wa viatu, na wa mpakani.

Njia_Kuu
Milele na milele, amina. Siku 6 ni za vijana waliojizoesha. Busia hadi Jinja ni kama kilomita 120, Jinja hadi Kampala 80. Chukueni siku 10: tokeni Mei 22, mfike Mei 31, na siku moja ya kupumzika iwe Jinja. Siku mbili za mwanzo msipite kilomita 20. Baadaye 25 zitawezekana. Wengi huharibikiwa siku ya tatu kwa sababu ya kukimbiza siku ya kwanza, wakati miguu bado haijalalamika.

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, mpumzike saa tano jua likiwa kali, mmalizie jioni kabla ya giza. Uganda magari hupita kushoto, kwa hiyo tembeeni kulia, mstari mmoja, mkiyatazama yanayokuja. Wa mbele na wa nyuma wavae reflekta. Karibu na Kakira na Lugazi kuna malori ya miwa yaliyojazwa kupita kiasi. Likija, shukeni kabisa kwenye nyasi. Msitu wa Mabira upiteni mchana, kundi zima pamoja, na chakula kisionekane mkononi maana nyani wa pale hawana haya.

Tembeeni kwenye udongo pembeni kila panaporuhusu. Ukingo wa lami umeinama, mguu mmoja unabeba zaidi, na goti huanza kuuma upande wa nje.

Nesi_wa_Parokia
Viatu: raba zilizokwisha kuvaliwa wiki 6 au zaidi, kubwa nusu saizi, kwa kuwa mguu huvimba. Kiatu kipya cha kununulia safari ni balaa. Soksi za pamba tupu hushika jasho, na ngozi iliyolowa ndiyo inayochubuka. Tafuta zenye nailoni au sufu, jozi 3, ubadilishe saa sita. Kucha kata mraba wiki moja kabla.

Ukihisi mahali panachoma, simama hapo hapo. Usisubiri kituo. Kausha, bandika plasta ya kitambaa bila mikunjo. Lengelenge dogo liache. Kubwa linalozuia kutembea, osha kwa sabuni, toboa pembeni kwa sindano safi iliyochemshwa, kamua maji, lakini ngozi ya juu usiibandue: ndiyo bandeji bora. Vaselini ipakwe mapajani na kwapani kabla ya kuanza, si baada ya kuchubuka.

Maji kama nusu lita kwa saa. Anayekunywa lita nyingi za maji matupu huku akitoka jasho huanza kuumwa kichwa na kichefuchefu, akadhani ni kiu, akaongeza mengine. Changanyeni ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari, pakiti moja kwa lita moja. Zikiisha: sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vya kufuta, kwa lita moja ya maji safi.

Mwanakwaya
Asante sana. Mama mmoja ana kisukari. Aende?

Nesi_wa_Parokia
Daktari amkague nyayo kwanza. Kama zina ganzi, apande gari la mizigo na atembee vipande vifupi tu. Kila jioni mtu mwingine amtazame nyayo kwa tochi, asitembee peku hata bafuni, na lengelenge lake lisitobolewe njiani. Mfukoni awe na glukosi.

Mkatekista_Mstaafu
Mpakani: Mkenya hupita kwa kitambulisho cha taifa, Mtanzania abebe pasipoti. Kadi ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo msichanjwe wiki ya safari.

Kila mtu abebe chandarua, koti la mvua na leso mbili. Mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mei mvua bado zipo. Njiani rolex, ile chapati ya kuviringishiwa mayai, inashibisha na hupikwa mbele yako. Nyama iliyolala iacheni.

Mkishapita Mukono hamna haja ya kuingia Kampala mjini: pindeni Kireka, mpite Kyaliwajjala. Kubalianeni mapema mtakutana wapi mtu akipotea, na mtaje kanisa kwa jina, kwa sababu Waanglikana nao wana eneo lao karibu, Nakiyanja. Maji ya ziwani pale basilika ya Wakatoliki, Namugongo, chukueni kwa vidumu vya lita 3, si vya 20. Msiyanywe kabla ya kuchemsha. Na basi la kurudi lilipieni kabla hamjaondoka Busia, kwa sababu jioni ya Juni 3 nauli hupanda na viti havipatikani.