Taka za magodauni Themi: kompakta, mashine ya robota au kontena la wazi?

Stoo_Themi
Wakuu, habari za kazi. Tunasimamia magodauni matatu hapa Themi, Arusha. Taka zetu ni maboksi, nailoni za kufungia mizigo, paleti zilizovunjika, na kantini nayo inaongeza yake. Kila siku kenta inapiga tripu tatu kwenda dampo la Muriet imebeba upepo: ukiitazama ni mlima, ukiipima haifiki hata kilo 500. Bosi karudi na katalogi, anataka kompakta ya kudumu, ile mashine ya kushindilia taka ndani ya kontena. Mimi nawaza mashine ya robota, inayobana maboksi yakawa furushi moja lililofungwa. Mhasibu anasema tubaki na kontena la wazi, lipo na halidai umeme. Nipeni uzoefu.

Fundi_Oili
Mkuu, kompakta naijua, nimebadilisha sili zake mpaka nimechoka. Taka inaingia mdomoni, pistoni ya haidroliki inaisukuma ndani ya kontena lililofungwa, ujazo unashuka hadi theluthi, hata robo. Ila inataka umeme wa fezi tatu, zege zito chini, na lori lenye ndoano ya kunyanyulia kontena. Pesa inaliwa na hilo lori, si mashine. Kushindilia kwa mtindo huo kunalipa dampo likiwa mbali, unapokusanya mizigo ya magari madogo kituo kimoja ili lori kubwa liende mara moja. Themi na Muriet ni pua na mdomo.

Mchagga_wa_Pasua
Niko Moshi, mji wa kujisifu kwa usafi, kwa hiyo aibu yetu ilionekana haraka. Kiwandani tulishindilia vyote pamoja, kantini ikiwemo. Maganda ya ndizi yakakamuliwa, maji meusi yakapita chini ya mlango wa kontena hadi mfereji wa mvua, tena ni masika. Nzi hao! Na siku lori lilipopanda mzani, likazidi uzito. Taka mbichi haina hewa ya kuitoa, ina maji.

Fundi_Oili
Umenena. Na makopo ya spray msiyaweke kwenye mashine yoyote kati ya hizo, yanapasuka. Betri za simu zikibanwa zinawaka moto. Matambara ya oili na madebe ya kemikali hayo ni taka hatarishi, mchukuaji awe na kibali cha kuzibeba.

Dada_Chakavu
Kaka Stoo, mimi ni mnunuzi wa maboksi. Yakija yametawanyika nakupa bei ya huruma, maana nusu ya gari ni hewa. Yakija robota, tunaongea biashara. Mashine ndogo ya kusimama inaendeshwa na kijana mmoja: anapanga maboksi, anafunga mlango, anabonyeza, anarudia mpaka lijae. Nailoni lifungie robota lake, usichanganye. Paleti nzima wauzie mafundi seremala.

Stoo_Themi
Shukrani sana. Basi robota kwa vikavu, pipa lenye mfuniko kwa kantini, na lile kontena la wazi libaki kwa mabaki, mhasibu naye afurahi. Dada, nifungie kwa waya au kamba?

Dada_Chakavu
Robota dogo, kamba ya polyester inatosha. Ila weka juu ya paleti, chini ya bati. Likilowa nakata kilo, tusije tukalaumiana.