Muundi umepona, mtoto ana miezi saba: narudije kwenye mbio ndefu?

Mama Kilomita

Habari zenu wakuu. Huwa nasoma na kupita, leo nimekwama.

Kabla ya mimba nilikuwa mtu wa mbio ndefu. Marathoni mbili nimemaliza. Nikijiandaa na ya tatu, muundi wa kulia, ule mfupa wa mbele chini ya goti, ukaanza kuuma. Nikaubembeleza kwa barafu na dawa za maumivu wiki tatu nzima (najua, msinichape), hadi siku nikashindwa kushuka ngazi. Eksirei haikuonyesha kitu, kipimo cha MRI ndicho kilichouona ufa kwenye mfupa. Nikaambiwa nipumzike. Nikiwa bado napumzika, mimba ikaingia, na mapumziko ya miezi miwili yakawa mwaka na nusu.

Nilijifungua kawaida, bado nanyonyesha. Mwezi uliopita nikafufua ratiba yangu ya zamani, nikaipunguza kidogo nikijiona nina huruma: kilomita 8, mara nne kwa wiki. Wiki ya pili muundi ukaanza kuninong'oneza, kama mtu anayekukumbusha deni. Na hili naona haya kulisema: nikifika kilomita ya tatu, mkojo unanitoka. Usingizi nao ni wa vipande.

Niendelee au nisubiri? La mkojo ni la kawaida? Na wenye watoto wachanga, mnakimbia saa ngapi? Naomba kuwasilisha.

Kisigino Chuma

Hongera kwa mtoto, pole kwa muundi. Kwanza bonyeza mfupa kwa kidole, taratibu, kutoka juu hadi chini. Maumivu yakiwa yametandaa kwenye ukingo wa ndani, urefu wa kiganja hivi, mara nyingi ni misuli na utando wa mfupa vimechoshwa. Ukikuta sehemu moja ndogo, ya kufunikwa na ncha ya kidole, ukiigusa unaruka, usikimbie hata hatua moja. Rudi kwa daktari. Na wewe tayari unajua eksirei inaweza kukudanganya mwanzoni.

Zamu ya Usiku

Mbona usisubiri tu mtoto aanze shule? Mbio hazihami.

Mama Kilomita

@Zamu ya Usiku, nisipokimbia hakuna anayeweza kuishi na mimi, mtoto akiwemo.

Bi Mwendo Pole

Dada, usione haya, humu tumejaa. Mkojo kutoka huwapata wengi baada ya kuzaa, lakini si jambo la kuzoea na kuvaa pedi ukaendelea. Misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na kizazi kwa chini, imebeba mimba na kupitisha mtoto, sasa unaidai ibebe kishindo cha kila hatua.

Kuna mwongozo wa wataalamu wa tiba ya viungo wa Uingereza, wa mwaka 2019. Wanasema usikimbie kabla ya wiki 12 tangu kujifungua. Wiki hizo umezipita, lakini watu husoma hapo wakaacha yanayofuata. Kabla ya kukimbia unatakiwa uweze kutembea dakika 30, kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10, kukimbia papo hapo dakika moja, na kuruka kwa mguu mmoja mara 10 kila upande, yote bila maumivu, bila mkojo, bila kuhisi uzito kule chini. Ukihisi kama kitu kinashuka, usisubiri, kapimwe.

Mimi nilijijaribu mtoto akiwa na miezi mitano, nikafeli kwenye kuruka. Nililia, halafu nikaenda kwa mtaalamu wa viungo anayeshughulika na akina mama. Aligundua nilikuwa nabana makalio na tumbo badala ya misuli yenyewe! Bana kama mtu anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, huku unapumua, kisha achia kabisa. Kuachia nako ni zoezi.

Kisigino Chuma

Narudi na la chakula. Kunyonyesha hula takribani kalori 500 kwa siku, na mifupa ya anayenyonyesha hupungua madini kwa muda, kisha huyarudisha. Sasa weka juu yake mfupa uliowahi kupasuka, na mtu anayekula amesimama huku amebeba mtoto. Kula kwanza, mbio baadaye.

Kila mtu atakutajia Paula Radcliffe, yule Mwingereza wa marathoni, alijifungua Januari 2007 na Novemba akashinda marathoni ya New York. Wasichokutajia ni kwamba alirudi haraka, akapata ufa kwenye mfupa wa chini ya mgongo. Mimi napenda zaidi mfano wa Faith Kipyegon, Mkenya wa mita 1500: alijifungua 2018, dhahabu ya Olimpiki ikaja tena 2021.

Ukiruhusiwa, anza na kukimbia dakika 1, kutembea dakika 4, mara sita, siku moja ndiyo siku moja hapana. Usiongeze muda na kasi wiki moja. Siku za katikati, inuka kwa vidole vya mguu mmoja hadi shavu la mguu lichoke.

Baba Pacha

Mimi si mama, nasemea saa. Tuna kanuni moja nyumbani: usingizi usipofikisha muda wa saa tano, hakuna mbio, ni kutembea. Zamu tunazipanga Jumapili usiku, maana ukisubiri nafasi ipatikane haipatikani. Nyonyesha kabla ya kutoka, kifua kitakuwa chepesi.

Kama unawazia kukimbia na mtoto kwenye kigari, muulize daktari wake kwanza, shingo na mgongo viwe imara. Na kiwe kigari kilichotengenezwa kwa mbio, si cha kawaida.

Mama Kilomita

Mrejesho. Nimebonyeza muundi: maumivu yametandaa, hakuna sehemu moja. Nimeruka kwa mguu mmoja sebuleni: kushoto mara 10, kulia mara sita, na mkojo. Kwa hiyo jibu nimelipata nikiwa peku. Ratiba ya zamani nimeifuta kwenye simu, Alhamisi nina miadi na mtaalamu wa viungo. Asanteni sana.

@Baba Pacha, hizo saa tano ni za mfululizo au hata vipande vinahesabika?

Baba Pacha

Vipande. Tungehesabu za mfululizo, viatu vingeshaota ukungu.